SAHANI YA MTOTO: Mazungumzo juu ya uzito mwema wa watoto wetu na desturi za nyumbani



Komite imeniomba niseme neno katika ukumbusho wa Siku ya Wakimbizi, ambayo ulimwengu huiadhimisha kila tarehe 20 Juni tangu mwaka 2001. Walionitangulia wamesema juu ya vita, juu ya njia tuliyopita, na juu ya tumaini la kurudi. Wamesema vema. Daraja la Rusizi ya kwanza limeona mengi: mwaka 1994 lilivusha Wanyarwanda kwenda Bukavu kwa maelfu, na mwezi wa Juni 2004 likavusha watu wa Bukavu kuja Cyangugu. Wenyeji wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, kila mmoja amewahi kuwa mgeni kwa mwenzake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kazi yangu ni watoto, na leo nitasema juu ya jambo ambalo halingoji amani: uzito wa watoto wetu. Mtoto wa miaka miwili hawezi kungoja vita iishe ndipo akue. Mifupa yake inajengwa mwaka huu. Akili yake inajengwa mwaka huu. Sisi tukirudi nyumbani baada ya miaka mitano, tutarudi na mtoto yule tuliyemjenga hapa kambini.

Mazungumzo yangu yana sehemu nne: kwanza, uzito mwema ni nini, pili, adui wake ni nani, tatu, desturi za nyumbani zinazosaidia, na nne, neno kwa baba na kwa watumishi wa mashirika.

UZITO MWEMA NI NINI?

Kwetu Kivu, mtu akimwona mtoto mwenye mashavu husema: "Mama huyu analea!" Akimwona mwembamba husema: "Mama huyu ana shida." Tunapima kwa macho, na macho hudanganya.

Uzito mwema ni ule unaolingana na umri na urefu wa mtoto. Hauwi chini mno, wala hauwi juu mno. Ndiyo sababu katika kituo cha afya hawatosheki na mizani peke yake. Wanapima uzito, wanapima urefu, kisha wanaandika katika kadi. Mstari wa kadi ukipanda mwezi kwa mwezi, mtoto anakwenda vizuri hata kama si mnene. Mstari ukilala, kuna jambo, hata kama anacheka na kucheza.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 kuna pia ule utepe wa mkono wenye rangi tatu. Kijani ni mkono wenye sentimeta 12.5 na zaidi. Manjano ni kati ya 11.5 na 12.5: mtoto yumo hatarini. Nyekundu ni chini ya 11.5: mtoto ni mgonjwa, apelekwe kwa mganga siku hiyohiyo. Utepe huu ni mwepesi hata mama asiyejua kusoma aweza kuutumia. Ningependa kila mtaa uwe na mama wawili watatu wanaojua kuutumia, bila kungoja siku ya kupima.

ADUI WA KWANZA: BWAKI NA KUKONDA

Bwaki twaijua. Nywele hugeuka rangi ya kutu, ngozi hubanduka, mtoto hununa, hataki kucheza, na miguu huvimba. Hapo ndipo macho yanapotudanganya kabisa, kwa sababu mtoto aliyevimba huonekana mnene, na hata mizani humwonyesha kuwa na uzito. Lakini uzito ule ni maji. Ukitaka kujua, bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yake yote miwili, hesabu hadi tatu, kisha ondoa kidole. Shimo likibaki, mtoto hajanenepa: amevimba, na maisha yake yamo hatarini.

Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliuandika ugonjwa huu katika vitabu vya tiba miaka ya 1930, alipofanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Aliupa jina la kwashiorkor, neno la watu wa Ga wa huko. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapofika. Akina mama wa Ga walikuwa wameona sababu kabla ya daktari: mtoto huachishwa ziwa ghafula kwa kuwa mama ana mimba, kisha hupewa uji mtupu. Kwetu pia ndivyo. Kule Lwiro, katika Kabare, waganga walihangaika na bwaki tangu siku za Wabelgiji, katikati ya mashamba ya muhogo na migomba. Chakula cha kujaza tumbo kilikuwapo. Chakula cha kujenga mwili ndicho kilichopungua.

Pamoja na bwaki kuna kukonda, mtoto akabaki mifupa na uso wa mzee. Na kuna adui aliyejificha zaidi: kudumaa. Wanyarwanda huita igwingira. Mtoto aliyedumaa si mwembamba, miguu haijavimba, anacheza na wenzake. Ila ni mfupi kuliko umri wake, na mara nyingi kichwa kinachoka upesi darasani. Uchunguzi wa afya wa Rwanda ulionyesha kwamba mwaka 2010 watoto 44 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa; mwaka 2014-2015 walikuwa 38; mwaka 2019-2020 walikuwa 33. Nchi hii imehangaika sana, nasi tumejifunza kwao mambo mawili: igikoni cy'umudugudu, yaani jiko la kijiji ambamo akina mama hupika pamoja na kulisha watoto pamoja, na akarima k'igikoni, bustani ndogo ya mboga karibu na jiko.

Kudumaa huanza tumboni mwa mama na hukomaa kabla mtoto hajafika miaka miwili. Baada ya hapo ni vigumu sana kurudisha kilichopotea. Siku zile, tangu mimba hadi mwaka wa pili, ni kama siku 1,000. Shule haiwezi kuzilipa baadaye. Mwalimu hupokea mtoto akiwa amekwisha jengwa na mama yake, baba yake na sahani yake.

ADUI WA PILI: SUKARI NA MAFUTA

Wengine watashangaa: kambini, tena unene? Naam.

Mwaka 2010 watafiti walipima akina mama na watoto katika kambi za Wasahrawi karibu na Tindouf, katika jangwa la Aljeria. Wakimbizi wale wamekaa huko tangu miaka ya 1970, wakiishi kwa posho. Waligundua kwamba karibu nyumba moja kati ya nne ilikuwa na magonjwa mawili chini ya paa moja: mtu aliyekonda au kudumaa, na mtu aliyenenepa kupita kiasi. Mara nyingi mtoto ni mfupi na mama yake ni mnene, na wote wawili wanakula chungu kimoja. Sababu ni chakula cha namna moja miaka nenda miaka rudi: unga, sukari, mafuta, mboga chache, matunda machache.

Na duniani kote mambo yamegeuka. UNICEF ilitangaza mwaka 2025 kwamba kwa mara ya kwanza watoto wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa ugonjwa wamewapita kwa hesabu wale wenye uzito pungufu. Afrika yetu ya kusini mwa Sahara bado haijafika hapo. Lakini njia ni hiyohiyo, na alama zake zimo sokoni kwetu: soda, biskuti, bonbon za franga chache, mandazi yaliyokaangwa katika mafuta ya juzi.

Tazameni asubuhi ya watoto wengi. Kikombe cha chai ya rangi, vijiko vitatu vya sukari, andazi moja. Mtoto anashiba, ndiyo, lakini hakuna kilichojenga. Tena majani ya chai huzuia damu kupata chuma kutoka katika maharagi na mboga. Saa nne darasani namwona kichwa kwenye meza. Si mvivu yule. Sukari imekwisha kuungua, na tumbo halina kitu.

Chupa moja ya soda ya sentilita 30 ina sukari ipatayo vijiko saba au vinane vya chai. Hakuna mama hapa ambaye angemwekea mtoto vijiko vinane katika kikombe kimoja, lakini chupa huviweka bila yeye kuviona. Sisemi mtoto asionje soda siku ya ubatizo au ya arusi. Nasema isiwe zawadi ya kila siku franga zinapoingia. Kwa bei ya soda moja hununuliwa sambaza za kutia katika chungu cha nyumba nzima.

DESTURI ZA NYUMBANI

Sasa nafika katika kiini cha maneno yangu. Chakula chetu ni kidogo; sitawaambia uongo. Lakini chakula kidogo chaweza kupotea kwa desturi mbaya, na chaweza kuzaa kwa desturi njema. Nitataja desturi saba.

Ya kwanza: ziwa la mama. Miezi sita ya kwanza mtoto asipewe kitu kingine chochote, hata maji. Baada ya miezi sita apewe uji mzito na chakula kilichopondwa, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili na kupita. Mama akishika mimba nyingine, asimwachishe mkubwa kwa siku moja. Na mama anayenyonyesha naye ale; ng'ombe asiyekula hakamuliwi.

Ya pili: sahani yake mwenyewe. Hii ndiyo iliyonipa jina la mazungumzo. Desturi yetu ni kuketi watoto wote kuzunguka sahani moja. Ni desturi nzuri kwa upendo, lakini ni mbaya kwa aliye mdogo. Mwenye miaka kumi hukata matonge matano wakati mwenye miaka miwili anapuliza la kwanza. Sahani ikiisha, mama anasema: "Watoto wamekula." Wamekula nani? Mpe mdogo sahani yake, hata ikiwa ni kifuniko cha bakuli. Keti naye. Utajua kamaliza nini na kabakiza nini. Mtoto asiyemaliza siku tatu mfululizo anakwambia jambo kabla ya homa kumwambia mganga.

Ya tatu: rangi tatu katika sahani. Tulifundishwa tangu zamani kuwa kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Bugali, viazi, ndizi na wali hutia nguvu. Maharagi, soya, karanga, maziwa, mayai na samaki hujenga. Lengalenga, sombe, majani ya maboga, karoti, avoka, mapapai na maembe hulinda. Tukikosa vyote, tusikose kimoja kutoka kila kundi walau mara moja kwa siku. Bugali na chumvi si chakula cha mtoto. Ni kizibo cha tumbo.

Hapa niseme juu ya sambaza. Samaki huyu hakuwa wa ziwa Kivu. Alitolewa Tanganyika na kutiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye nyama ya maskini wa Bukavu, Goma na Kamembe. Uzuri wake ni kwamba huliwa mzima, na mifupa yake. Basi mchukue sambaza mkavu, mwoshe mchanga utoke, mkaushe tena, mkaange pasipo mafuta, mtwange, mchekeche. Unga huo utie kijiko kimoja katika uji wa mtoto au katika sombe yake. Kopo dogo hukaa juma zima. Vivyo hivyo soya: kaanga vizuri kabla ya kusaga, kwa maana soya mbichi huumiza tumbo.

Ya nne: mara ngapi. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Hawezi kula mara moja chakula cha siku nzima, kama anavyofanya mtu mzima arudipo kutoka kibaruani. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara mbili au tatu. Kuanzia miezi 9 hadi miaka miwili, mara tatu au nne. Na katikati apate tunda au karanga zilizopondwa. Chakula kikiwa ni kidogo, kigawe mara tatu badala ya kukimaliza jioni. Chungu ni kilekile, lakini mtoto hufaidi zaidi.

Ya tano: maji na mikono. Mara nyingi uzito hauibiwi na njaa, huibiwa na kuhara. Juma moja la kuhara laweza kula uzito uliojengwa kwa mwezi mzima. Sabuni kabla ya kupika, kabla ya kulisha, baada ya choo na baada ya kumsafisha mtoto. Na mtoto anapougua, tusimnyime chakula tukisema tumbo lipumzike. Aendelee kunyonya, aendelee kula kidogo kidogo, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa majuma mawili ili arudishe alichopoteza.

Ya sita: bustani ya gunia. Nafasi yetu ni ndogo, lakini gunia linahitaji kiwanja cha sufuria tu. Jaza udongo uliochanganywa na mbolea, simamisha mawe katikati toka chini hadi juu ili maji yapite, toboa matundu ubavuni, panda lengalenga na vitunguu. Maji uliyooshea mboga yatosha kumwagilia, yasiwe ya sabuni. Baada ya majuma matatu au manne unachuma lengalenga. Ukichuma majani na kuacha shina, huchipua tena. Mpe mtoto wa shule kazi ya kulitunza. Mtoto hula kwa furaha mboga aliyoipanda mwenyewe.

Ya saba: mchezo na usingizi. Shirika la Afya Duniani lasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wahitaji mwendo wa nguvu walau dakika 60 kila siku, na wadogo wa mwaka mmoja hadi minne wahitaji saa tatu za kutambaa, kutembea na kuruka katika siku. Watoto wetu wanaobeba madumu ya maji wameshapata zoezi, hasa wasichana, hata kupita kiasi. Hao wanahitaji kupumzishwa. Lakini katika nyumba nyingine mtoto hukaa na simu ya baba tangu alasiri hadi usiku, akitazama filamu huku akitafuna biskuti. Simu haimwachi acheze, na haimwachi alale. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13. Jioni simu ilale kabla ya mtoto. Mahali pake tuweke kamba ya kuruka, mpira wa majani ya migomba, na hadithi za bibi, ambazo hazina gharama.

JUU YA AIBU NA JUU YA PAKITI

Kuna jambo ambalo watu husema kwa sauti ya chini. Nitalisema kwa sauti ya kawaida.

Siku ya kupima, baadhi ya mama huficha mtoto aliyekonda. Wanaogopa majirani watasema: "Tazama, hajui kulea." Ndugu zangu, mtoto aliyefichwa hafi kwa aibu, hufa kwa njaa na kuhara. Jirani anayecheka utepe mwekundu wa mtoto wa mwenzake anashiriki katika ugonjwa ule. Komite ya kila mtaa na ikubali kanuni moja: rangi ya utepe haitangazwi barabarani.

Na kuna upande wa pili. Mtoto akiwa mwekundu hupewa zile pakiti za karanga, Plumpy'Nut. Chakula hiki kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1996 na daktari André Briend pamoja na kampuni ya Nutriset. Ni karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina nguvu ya kalori 500. Imeokoa watoto wengi mno. Lakini nyumbani pakiti hufunguliwa mbele ya watoto wanne wanaotazama. Mama afanye nini? Anagawa. Kila mmoja analamba robo, na mgonjwa anabaki mgonjwa. Wengine huuza pakiti ili wanunue unga wa nyumba yote. Na wapo wanaoogopa moyoni mtoto asipone upesi, kwa kuwa akipona pakiti zitakoma.

Sisemi haya ili kuwahukumu. Mama anayegawa si mwizi. Ni mama wa wanne. Lakini tulijue hili: pakiti ni dawa. Hakuna anayekata kidonge cha malaria vipande vinne. Mlishe mgonjwa wakati wenzake wana sahani yao, au mpeleke kwa bibi, kwa jirani, ale huko akitulia. Na mtoto akipona asirudi katika uji mtupu. Hapo jiko la kijiji lina kazi: mama watano wakichanga, mmoja maharagi, mmoja lengalenga, mmoja sambaza, mmoja mafuta, mmoja kuni, watoto wao wote hupata rangi tatu siku hiyo, na mama asiyejua kupika unga wa soya hujifunza bila kuaibishwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

NENO KWA BABA

Maneno ya lishe siku zote husemwa kwa akina mama, kama kwamba mtoto ana mzazi mmoja. Lakini mwulizeni mama ni nani anayeshika simu franga zinapoingia. Katika kambi za Rwanda posho ilianza kugeuzwa kuwa franga mwaka 2014, katika kambi ya Gihembe. Franga zina faida: unanunua unachotaka. Zina hatari ileile: unanunua unachotaka. Gunia la mahindi halikuingia katika baa kwa urahisi, franga huingia.

Baba wapenzi, nawaomba desturi moja tu. Siku franga zinapoingia, kaeni wawili, mume na mke, kabla ya kutoka nyumbani. Hesabuni kwanza chakula cha mwezi mzima: unga, maharagi, mafuta, chumvi, sabuni, kisha sambaza au soya kwa ajili ya wadogo. Hicho kikitengwa, ndipo muongee mengine. Nunueni maharagi ya mwezi mara moja, kwa kuwa yanayonunuliwa kopo kwa kopo hutoka ghali. Na chungu kikiiva, kipande kizuri kisimngoje baba kwa kuwa ni baba. Mwenye ndevu amekwisha kukua.

NENO KWA WATUMISHI WA MASHIRIKA

Wageni wetu, twawashukuru kwa mizani, kwa utepe, kwa uji wa watoto na kwa usiku mliokesha na wagonjwa wetu. Niruhusuni kusema mambo mawili kwa heshima.

La kwanza: desturi hazichukui mahali pa chakula. Mwaka 2018 posho katika kambi za Rwanda ilipunguzwa kwa robo kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Posho ikipungua, mama hapunguzi maarifa, anapunguza milo. Anajua rangi tatu, ila rangi mbili zimebaki sokoni. Mkimfundisha tena somo lilelile, atatikisa kichwa kwa adabu, na hamtajua kwamba alikwisha lielewa mwaka juzi. Basi mkiandika ripoti kwamba akina mama wa kambi hawajui, andikeni pia bei ya maharagi ya mwezi ule.

La pili: tumieni watu wetu. Tuna walimu, wauguzi, wakulima, bibi waliolea watoto kumi. Somo la sambaza likitolewa na mama wa mtaa, kwa lugha yetu, mbele ya chungu chake, linakaa. Likitolewa kwa picha ukutani, linabaki ukutani.

Na sisi walimu tusijitoe. Tangu 2021 Rwanda imepanua chakula cha mchana cha shule hadi madarasa yote ya msingi na sekondari, na mtoto aliyekula husoma. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akilala kila siku asianze na fimbo, aanze na swali: "Umekula nini jana?" Jibu lake mara nyingi ni ripoti ya afya kuliko ripoti nyingine yoyote. Tupeleke habari kwa washauri wa afya kwa siri, bila kumtaja mtoto mbele ya wenzake. Wala tusimcheke mtoto mnene kwa majina. Mtoto anayechekwa hujificha, na anayejificha hula kwa kujificha. Kama jamaa inabadili sahani, ibadili sahani ya wote, si ya mmoja aliyeonyeshwa kidole.

MWISHO

Ndugu zangu, ninyi mliovuka mtoni mlibeba mlichoweza: godoro, sufuria, kitambulisho, mtoto mgongoni. Vingine vimekwisha kuchakaa. Mtoto ndiye aliyebaki akiongezeka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wazee walisema, nao hawakusema kwamba maneno hayo ni ya wakati wa amani tu.

Basi naomba tuondoke hapa na ahadi tatu ndogo. Juma hili, kila mtoto aliye chini ya miaka mitano apewe sahani yake. Mwezi huu, kila mtaa uchague siku moja ya jiko la pamoja, na baba wawepo, walau kupasua kuni. Na siku ya kupima ijayo, asifichwe mtoto hata mmoja.

 Mungu awalinde watoto wetu, nasi tuwalishe.